Negativu Haiguswi

Picha yoyote iliyotoka mikononi mwetu, Mama Studio aliitazama kwanza kichwa chini. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, na hapo angeona kitu ambacho mimi niliyeitazama wima nusu saa nzima sikukiona: doa la maji pembeni, bega lililozama gizani, ukuta ulioiba rangi ya shati.

"Ukiitazama wima unamtazama mtu," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Unaanza kufikiri, huyu mjomba wa nani, huyu mbona ana meno hivi. Igeuze. Sasa hakuna mjomba. Kuna picha."

Na mimi nikaigeuza. Nikamwona mjomba aliyepinduka.

Studio ilikuwa upande wa Kariakoo, hatua chache ukishavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, chini ya nyumba ya ghorofa moja ambayo yeye mwenyewe aliishi juu yake. Mtaa mzima ulimwita Mama Studio, hata watu waliomzidi umri. Alivaa sari za pamba za rangi zisizopiga kelele, na vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vya kahawia daima, kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Alivaa glovu siku moja tu, akazivua akisema hawezi kumwosha mtu uso akiwa amevaa glovu.

Alinichukua kwa sababu nilimwambia najua kompyuta. Nilichokuwa nakijua ni kile nilichookota kwenye ofisi ya binamu yangu saa za chakula cha mchana, na kitabu kilichochanika jalada ambacho nilikisoma mpaka nikajua kurasa zipi zinakosekana. Sikuwa na cheti. Aliniuliza nani alinifundisha.

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Basi una mwalimu mbaya na mwanafunzi mwoga," alisema. "Njoo Jumatatu."

Alinisoma haraka hivyo. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Barua ya mistari mitano naiandika upya mara sita, na ya sita nayo naichana. Nilidhani tabia hiyo ndiyo ingenifaa katika kazi ya picha. Yeye alikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo, ila alinyamaza, akawa ananipa kazi za paspoti ambazo hata ukizipenda sana huwezi kuziharibu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na Kariakoo ilikuwa inapokea kila kitu kutoka Dubai: mashuka, redio, saa za ukutani zinazoadhini, kompyuta zilizokwisha kutumika na watu wengine. Yalianza pia maduka yenye mashine mpya, yameandika mlangoni kwamba picha zako zitakuwa tayari ndani ya saa moja. Mama Studio alipita mbele ya maduka hayo akitazama barabara. "Picha haina haraka," alisema. "Mwenye haraka ni mwenye picha." Lakini ni yeye huyohuyo aliyekuwa wa kwanza pale mtaani kununua kompyuta na skana, kabla hata wanaume waliokuwa wakimcheka kwa chumba chake cha giza hawajajua skana ni kitu gani. Aliifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Mvua ikianza tu, hata ya manyunyu, alitaka izimwe. Na ilipofika sikukuu yao ya taa, siku ambayo familia za Kihindu huviombea baraka vitabu na vyombo vya kazi, aliwasha udi, akachovya kidole kwenye unga mwekundu, akaipaka kompyuta kitone juu ya kioo, kisha skana, kisha kamera zote tatu. Halafu akanigeukia.

"Na wewe?"

"Mimi si chombo, Mama."

"Unakula umeme kuliko hicho," akasema, akanipaka.

Watu waliokuja kwetu walikuwa na mahitaji yaleyale. Walitaka koti. Studio ilikuwa na koti moja jeusi lililopasuliwa mgongoni kutoka kola hadi chini, ili liweze kumwenea yeyote, mwembamba kwa mnene, ukimfunga nyuma kwa vibanio vya nguo. Wachukuzi wa sokoni walilivaa, walimu walilivaa, na bwana harusi mmoja alitoka nalo akaenda nalo mpaka msikitini, ikabidi Mama Studio mwenyewe amfuate, akamvua mbele ya wakwe. Aliniambia kwamba akiingia nyumba yoyote kati ya Ilala na Magomeni, hutazama ukutani, na mara nyingi hulikuta koti lake limetangulia.

Walitaka pia weupe. Hilo hakuwapa. Nakumbuka kijana wa mitumba aliyepigwa picha ya kumpelekea mchumba. Aliegemea kaunta, akashusha sauti.

"Mama, nipunguze weusi kidogo basi."

"Nikupunguze, huo nitakaoutoa niuweke wapi? Nikufungie kwenye bahasha uende nao?"

"Kidogo tu, Mama. Mbona wale wa mashine mpya wanafanya."

"Wanafanya. Halafu mchumba anakuja kukupokea stendi anampita mtu mweusi anamtafuta mweupe." Alimgeuzia picha. "Tazama hapa shavuni. Unaona mwanga ulivyokaa? Weusi ndio umeushika. Ukiutoa, mwanga nao unaanguka."

Kijana aliichukua picha yake kama ilivyokuwa. Alirudi mwezi uliofuata na rafiki zake wawili.

Ungedhani basi alikuwa mtu wa ukweli mtupu. Hapana. Mwanamke huyohuyo aliyekataa kumpunguza mtu weusi, alimfungua macho kwa kalamu ya brashi mzee mmoja aliyefumba kwenye picha pekee ya harusi ya mwanawe. Nilimuuliza kama huo si uongo.

"Macho anayo," alisema. "Mimi nimemkumbusha tu ayafungue."

Aliwahi kumweka kaka aliyekuwa baharini katikati ya ndugu zake wanne, akakata, akabandika, akapiga picha upya, na ukiitazama leo utaapa kwamba kaka huyo alikuwepo na ndiye aliyefanya mzaha uliowachekesha wenzake. Mipaka yake kati ya kusaidia na kudanganya ilikuwepo, na hakuivuka, ila hakuwahi kuichora nikaiona. Mimi niliyetaka kanuni kwa kila kitu, jambo hilo lilininyima usingizi.

Kanuni moja tu alikuwa nayo wazi. Negativu, ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake, haiguswi. Zilikuwa kwenye makopo ya biskuti, kila kopo na namba yake, na ndani yake kifuko cha mchele mkavu cha kunyonya unyevu. Picha unaweza kusafisha mia, ukazichana zote, ukaanza upya. Negativu unaishika kwa kingo, unaitumia, unairudisha koponi. Mtu aliyepoteza miwani yake kila siku, mara nyingine ikiwa usoni kwake, hakuwahi kupoteza negativu hata moja.

Kompyuta ilipoingia, alinitaka nimwambie negativu iko wapi humo ndani. Nilimwonyesha faili. Akaniuliza ni lipi, maana aliyaona mawili ya picha moja. Nikamweleza kwa majivuno ya mtu aliyesoma kitabu bila jalada kwamba skana inapomaliza kusoma picha huuliza ihifadhi kwa namna gani. Kuna TIFF, ambayo sisi tuliiita tifu, inayoweka kila kitu ilichokiona, kwa hiyo ni nzito na inajaza nafasi. Na kuna JPEG, jepegi, inayobana picha mpaka inakuwa ndogo, unaweza kuibeba mfukoni hata kwenye flopi moja, kile kidiski chembamba cha plastiki.

"Inabana vipi?"

"Inatupa yale ambayo jicho haliyaoni."

Alifikiri. "Jicho la nani?" akauliza.

Nilicheka. Kwenye kitabu changu hakukuwa na jibu la swali hilo.

Bwana Magodoro alikuja asubuhi ya siku ya kazi nyingi. Ndivyo tulivyomwita, kwa sababu ya duka lake la magodoro kule Msimbazi. Alikuwa mzee wa ukoo wa Kiarabu, mpana, mtaratibu, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi kuliko nguo zangu zote. Yeye na Mama Studio walifahamiana miaka mingi, wakiitana kaka na dada, wakitaniana kuhusu nani kati yao atafunga duka kwanza. Siku hiyo hakutania. Aliweka juu ya kaunta fremu ndogo iliyofungwa kwa kanga.

"Dada, huyu ni mama yangu. Hakuna nyingine. Nataka kubwa ya ukutani."

Ilikuwa picha ya mwanamke aliyejifunga ushungi, saizi ya kiganja, nyeusi na nyeupe. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo cha fremu, na ukungu umetapakaa kama vipele kuanzia paji la uso hadi shingoni.

"Miaka yote hii hukuileta," Mama Studio alisema.

"Nilikuwa namkumbuka." Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Sasa nikifumba macho anakuja shangazi. Namwambia shangazi pisha, hapishi."

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka tucheke.

Alipoondoka, Mama Studio alinipa maagizo yanayoeleweka. Kwanza niipitishe kwenye skana hivyohivyo na kioo chake, tuwe na nakala. Kisha yeye ataibandua kwa maji, kazi aliyokuwa ameifanya mara nyingi, na nitaipitisha tena ikiwa safi.

Niliipitisha. Skana ikaniuliza swali lake. Diski ilikuwa imejaa paspoti, na tifu lisingeingia mpaka nifute vitu, na kufuta vitu ni jambo ninaloogopa kuliko kuzama. Nikachagua jepegi, ubora wa katikati, ili lienee pia kwenye flopi, maana niliogopa umeme kukatika. Nilijiambia hii ni ya muda tu. Ya kweli itakuja ikishabanduka.

Haikubanduka. Aliiweka kwenye trei ya maji ya uvuguvugu, akasubiri, akaingiza vidole chini yake kwa upole kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Ukungu ulikuwa umekwisha kula utando wote unaoshika sura. Uso ule ulijikunja kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka, ukaachana, ukayeyuka. Kilichobaki ni karatasi nyeupe na kioo chenye uchafu. Mama Studio alibaki ameinamia trei, mikono ndani ya maji.

"Binti," alisema bila kugeuka. "Ile ya kwanza unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi hiyo ndiyo negativu sasa. Haiguswi. Fanya nakala, ufanyie kazi nakala."

"Nimeshafanya," nikasema.

Sikuwa nimefanya. Ninaandika hili polepole kwa sababu ndilo lililonifanya niandike mengine yote. Flopi nyingine sikuwa nayo, diski ilikuwa imejaa, na nilikuwa na uhakika kwamba nitakuwa mwangalifu. Siku zote nimeamini uangalifu wangu unatosha mahali pa kila kitu.

Yeye alikausha mikono kwenye sari, akatoka hivyohivyo kwenda Msimbazi kumwambia Bwana Magodoro kwamba picha ya mama yake imekufa mikononi mwake. Aliporudi aliniambia maneno aliyojibiwa. "Aliuliza kitu kimoja. Kwenye kompyuta yumo? Nikamwambia yumo."

Nilifanya kazi siku sita. Kila kidoa cha ukungu nilikifuta kwa mkono, nikichukua ngozi ya pembeni na kufunikia. Nikimaliza shavu, nahifadhi. Naona si zuri, nafungua, natengeneza, nahifadhi. Kila jioni kwenye flopi, kila asubuhi kutoka kwenye flopi, faili lilelile, jina lilelile, mara ngapi sijui. Siku ya nne niliona uso umeanza kuwa na kitu cha ajabu kuzunguka pua, kama vigae vidogo vya bafuni. Nikadhani kosa ni ile namba ya ubora niliyoiweka katikati. Nikaipandisha mpaka mwisho, nikahifadhi, nikangoja ubora urudi. Wajuzi watacheka hapa. Nilikuwa nadhani ukiongeza namba, kilichotupwa kinaokotwa.

Siku ya sita nilichapa ya majaribio, kubwa. Mama Studio aliichukua, akaigeuza kichwa chini, akaisogeza mlangoni.

"Kuna vigae," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kidoti kiko wapi?"

"Kidoti kipi?"

"Alikuwa na kidoti. Hapa karibu na mdomo. Nilikiona kabla sijaiweka majini."

"Kulikuwa na madoa mengi sana, Mama. Yalikuwa ukungu. Nimeyafuta."

"Ukungu hauna duara," alisema. "Haya, lete nakala ya kwanza, tumrudishie kidoti chake."

Nilisimama pale. Nje mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga kelele apishwe, na nilitamani aendelee kupiga kelele ili nisisikike. Nikamwambia. Kwamba hakuna nakala, kwamba nilisema ipo nikijua haipo, kwamba faili ni moja na nimelifungua na kulifunga siku sita.

Hakupandisha sauti. Alirudisha mlango wa bati nusu, ishara kwa wateja kwamba tunakula, akakaa kwenye kiti cha kupigiwa paspoti, mgongo kwenye pazia la bluu. Akaniomba nimweleze tena, taratibu, jepegi hufanya nini. Nikamweleza kwamba kila unapohifadhi hubana upya, na kila inapobana hutupa kitu.

"Kumbe ni sambusa kwenye gazeti," alisema. "Unaifungua uione, unaifunga. Unaifungua, unaifunga. Kila mara mafuta kidogo yanabaki kwenye gazeti. Mwisho una gazeti linalonukia na sambusa kavu." Akaigeukia kompyuta. "Hilo tifu ungelifungua mara mia?"

"Lingebaki vilevile."

"Na ulilijua hilo."

"Nililisoma, Mama. Sikujua kama ni kweli."

Alitikisa kichwa, akasema neno la Kigujarati ambalo sikulielewa na ambalo nashukuru sikulielewa. Kisha akasema, "Leo tumekosa wawili. Mimi kwa maji, wewe kwa mashine. Tuone tuna nini."

Tulichokuwa nacho kilikuwa uso wenye vigae ambao ukiupunguza mpaka saizi ya daftari, vigae vinafichika. Akachagua karatasi isiyong'aa, ambayo huyameza makosa madogo. Nikafuta michezo ya kompyuta na paspoti za zamani, nikahifadhi kwa tifu, na kwa mara ya kwanza nikaona faili ambalo halinyauki kila ninapoligusa. Kilibaki kidoti. Yeye alisema kilikuwa upande wa kushoto wa mdomo, ukimtazama. Mimi nilikumbuka kulia. Nilikuwa na uhakika kabisa, kwa sababu nakumbuka kukifuta, mkono wangu ukivuka pua kwenda upande ule. Lakini ningesemaje, mimi niliyekwisha kudanganya mara moja wiki hiyo? Nilisema kwa sauti ndogo, "Nadhani kulia." Akasema, "Mimi naona kushoto." Nikakiweka kushoto.

"Mama, naomba usimwambie," nilisema. "Kuhusu kidoti. Nakuomba."

"Tutaona," alisema.

Bwana Magodoro alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Aliitazama picha akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Hakugusa kitu. Nilihesabu vigae vya sakafu yetu, vile vya kweli.

"Ndiye," alisema mwishowe. "Ndiye huyu."

Mama Studio alinituma nikanunue bahasha kubwa kwenye duka la vitabu. Niliporudi nilikuta wanacheka, na picha imekwisha kufungwa kwenye kanga ileile. Bwana Magodoro aliniita binti wa picha, akaniombea dua. Niliitikia amina nikitazama chini.

Baada ya siku ile kazi yetu ilibadilika. Kila picha ya zamani iliyoingia ilisomwa kwa tifu, na tifu hilo likaandikwa kwenye sidii, na juu ya sidii nikaandika kwa kalamu ya wino mweusi: USIGUSE. Tulifanyia kazi nakala, nayo tifu. Jepegi tulitengeneza mara moja tu, mwishoni kabisa, kwa ubora wa juu, kwa ajili ya kupeleka kwenye mashine ya kuchapia iliyokuwa haipokei kingine. Ikienda, haifunguliwi tena. Mama Studio aliziweka sidii zile kwenye makopo ya biskuti, pamoja na mchele. Nilimweleza kwamba sidii haihitaji mchele. Alisema mchele hauna kiburi, utakaa tu.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mbahili wa sifa kupita kiasi. Miaka niliyokaa naye aliniambia "si vibaya" mara mbili, na ya pili nadhani alikuwa anazungumzia chai. Alisema picha haina haraka, kumbe chai yenyewe hakuweza kuisubiri ipoe, akaimimina kwenye kisahani na kuivuta kwa sauti. Aliwafukuza watoto wanaolia, halafu akawapiga picha bora kuliko wote waliotulia. Na mara nyingi nilihisi ananiona ninavyoteseka na kosa langu na ananiacha tu, kama mtu anayeacha sufuria motoni kwa makusudi.

Niliondoka nilipopata pa kufanyia kazi pangu mwenyewe. Studio ilikuja kufungwa, ikawa duka la simu, yeye akabaki juu. Mwaka huu nilipita Msimbazi kununua godoro, na sikuwa nimepanga kuingia duka lile. Bwana Magodoro sasa ni mzee wa fimbo, anakaa tu kwenye kiti, wanawe ndio wanaouza. Alinitambua. Aliwaambia wanawe, "Huyu ndiye aliyenirudishia mama yangu," na mmoja wao akanipunguzia bei bila kuombwa. Picha ilikuwa pale nyuma ya kaunta, kidoti upande wa kushoto.

Sikununua godoro. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Studio, nikapanda ngazi kwa hasira ya mtu aliyeamua.

Alikuwa sebuleni na ungo wa dengu mapajani. Macho yamepungua sana. Anachambua kwa vidole, anasikia jiwe kabla hajaliona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Miguu yako ina maneno leo. Kaa."

Nilikaa, nikamwambia kila kitu. Kwamba nilikuwa na uhakika ni kulia, kwamba nilinyamaza kwa woga, kwamba mzee wa watu anamtazama mama asiye wake, na kwamba nataka kwenda kumwambia leo hii, akiwa bado hai. Nilikuja kuomba ruhusa tu, kwa sababu kosa ni la duka lake pia.

Aliendelea kuchambua.

"Anajua," alisema.

"Anajua nini?"

"Kwamba kidoti kilifutika tukakirudisha kwa kubahatisha. Nilimwambia siku ileile, ulipokwenda kununua bahasha. Nikamuuliza, kaka, kilikuwa upande gani, nimwambie binti akihamishe." Alitoa kijiwe, akakiweka kwenye dirisha. "Akafikiri. Akafikiri sana. Akasema, dada, mimi hata sikumbuki kama alikuwa na kidoti. Ndipo akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Ndiyo ulivyotukuta."

Akachota dengu nyingine, akaendelea.

"Akampigia simu dada yake Tanga. Dada akaapa kilikuwa kulia. Akakasirika, akasema hataki kuiona picha ya kushoto. Sasa ufanyeje? Wiki ile wewe ulikuwa umelala na malaria. Nikaipiga picha kazi yako kwa filamu, nikaigeuza negativu upande wa pili, nikasafisha. Dada akapata yake, kidoti kulia. Amekaa nayo Tanga mpaka leo."

"Lakini Mama, ukigeuza negativu, uso wote unageuka. Hata ushungi."

"Umegeuka. Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja anasema ya mwenzake ndiyo iliyokosewa."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia ungeacha kuandika USIGUSE." Alisema hivyo bila kuona haya hata kidogo. "Woga wako ulikuwa unafanya kazi nzuri. Niliuonea huruma, lakini kazi ilikuwa nzuri."

Nadhani hiyo ilikuwa sifa ya tatu. Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa kupata pa kuanzia. Chini, mbele ya duka la simu, spika ilikuwa inatangaza punguzo la bei. Mama Studio aligeuza uso kuelekea nilipokuwa, akinitafuta kwa yale macho yaliyobaki.

"Na wewe," alisema. "Una uhakika kilikuwa kulia?"

Nilifumba macho nimwone. Ushungi ulikuja, na pua, na vigae.

"Nilikuwa nao nilipokuwa napanda ngazi," nikasema.

Akanisogezea ungo.